Mimi Nikimtafuta Guyo, Simu Ikitafuta Mnara

Wenzangu wa soko la maziwa, tangu nirudi hamjaniacha nipime hata lita moja bila kuuliza. Kila mmoja amesikia kipande chake. Huyu kasikia nilipotelea Merti, yule kasikia nimemwoza mdogo wangu juu ya kilima, na kuna mmoja, simtaji, anayewaambia wateja kwamba nilipika simu ndani ya kopo. Basi nimeandika yote mara moja. Someni, mpeane, halafu mniache niuze maziwa.

Kwa msiotujua nyumbani: wazazi wetu walipofariki nilikuwa darasa la saba. Nyuma yangu alikuwako Guyo, na nyuma yake Kaltuma, ambaye bado alikuwa wa kubebwa mgongoni. Shule niliiaga mwaka huo, na hao wawili nikawalea. Sasa Kaltuma amekua na amepata mchumba, Adan, kijana wa Garbatulla mwenye heshima nyingi na masikio makubwa. Wazee wake walikuja, tukaelewana, nikah ikapangwa Ijumaa baada ya swala.

Hapo ndipo sheikh wetu aliponikumbusha kwamba msichana asiye na baba huozwa na kaka yake. Dada hahesabiki. Yaani Guyo, ambaye pua yake nilikuwa nikiipangusa kwa ncha ya leso, ndiye awe walii, na mimi nisimamie pilau.

Sikubisha, dini ni dini. Shida ni kwamba Guyo alikuwa fora, kambi ya mbali ya ngamia, mahali fulani kule mbele ya Merti, na simu yake ilikuwa haipatikani. Kisha akatokea baba mdogo Halakhe, ambaye miaka yote hiyo hatukumwona hata siku ya Idd.

"Guyo asipopatikana mpaka saa ya nikah," akasema mbele ya wazee, "mimi ndiye ndugu ya baba yao. Nitasimama mimi. Na huyo kijana ya Garbatulla mimi simjui."

Anayemjua yeye ni rafiki yake mwenye malori, mzee ambaye tayari ana wake wawili na kikohozi. Kaltuma alisikia, akaingia ndani, akafunga mlango.

Sheikh alitusaidia kidogo. Alisema si lazima Guyo afike mwenyewe. Akipiga simu, akasikika, akatamka kwamba amemwakilisha sheikh, yaani amemfanya wakili wake, amwoze dada yake kwa Adan, inatosha. Sauti ya Guyo anaijua vizuri. Alimfundisha madrasa, na katika kumfundisha aliisikia ikilia mara nyingi.

Kabambe yangu, ile simu ya vitufe, mnaijua: mimi nasikia watu, watu hawanisikii. Kwa hiyo Kaltuma alifungua mlango kiasi cha mkono kupita, akanipa simu yake ya kupanguza, chaji ikiwa imejaa. Nikaenda kutafuta lori.

Isiolo mpaka Gotu

Lori la Merti huondoka alfajiri. Hivyo ndivyo walivyoniambia. Niliwahi, nikamkuta dereva amelala kwenye usukani na Boru, msaidizi wake, akihesabu magunia ya sukari yaliyokuwa yamekwisha kuhesabiwa. Tukangoja gunia la vitunguu la mtu fulani. Vitunguu vikaja, mtu hakuja. Mtu akaja, akakumbuka miwani yake. Tulipotoka mjini jua lilikuwa limekaa juu ya vichwa vyetu kama abiria aliyelipa nauli.

Nilipanda juu ya mzigo pamoja na Mama Arbe, mfanyabiashara wa Merti, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita ngamia waliopotea. Alianza na nagaa. Mnazijua salamu za watu wetu: amani kwako, amani nyumbani, kwa watoto, kwa mifugo, kwa mvua, kwa majani, kwa njia uliyopita, na usijibu mbiombio kana kwamba unafukuzwa. Tuliacha lami kabla hatujamaliza mifugo.

Kisha vumbi likaanza. Mama Arbe akanitazama.

"Hiyo simu ya kupanguza umeweka wapi?"

"Mfukoni, mama."

"Mfukoni! Vumbi ya hii barabara inaingia mpaka ndani ya yai. Leta hapa."

Kutoka kwenye kikapu chake akatoa kopo la bati la maziwa ya unga, lenye kifuniko kile kinachobana mpaka ukifungue kwa mpini wa kijiko. Akaifunga simu kwa kitambaa, akaitumbukiza, akapiga kifuniko kwa ngumi.

"Hapo italala kama mtoto," akasema. "Haioni vumbi, haiguswi na mtu, haitumii chaji. Merti utanishukuru."

Nilimshukuru hapo hapo. Na ninyi mnaocheka sasa, semeni ukweli, mngefanya nini? Simu iliyofungwa gizani, isiyoguswa, itamaliza chaji kwa kazi gani?

Gotu tulisimama kusali na kunywa chai. Nilitaka kuona saa, nikafungua kopo. Simu ilikuwa na joto kama chapati iliyotoka kwenye kikaango, na betri iliyokuwa imejaa asubuhi ilikuwa imebaki nusu.

Mama Arbe hakuhitaji kufikiri. "Kuna mtu amefungua kopo yangu."

Macho yote yakamwendea Boru. Ni yeye aliyebaki na mizigo tulipokuwa tukisali, na ana tabia ya kutingisha kichwa kama mtu anayesikiliza wimbo. Kesi ikafunguliwa pale pale, kwenye viti vya plastiki, juu ya chai ya maziwa ya ngamia na sahani ya nyirinyiri, zile nyama zilizokaushwa na kukaangwa ambazo ukianza moja hujui unapoishia. Mzee mmoja wa kofia alijifanya hakimu.

"Boru, uliangalia mpira kwa simu ya wenyewe?"

"Mzee, wallahi sikugusa! Kama ningefungua hiyo kopo mngesikia. Kifuniko yake inalia kama bunduki."

"Basi joto ilitoka wapi?" Mama Arbe akauliza. "Simu inaweza kujiangalilia mpira peke yake?"

Watu waligawanyika. Wengine walisema Boru ni mwongo wa kuzaliwa, lakini si mwizi. Wengine walisema tofauti ni ndogo. Mimi niliyekuwa mwenye simu sikuulizwa kitu, ila kama nitamaliza nyirinyiri. Mwishowe hakimu akaamua: Boru aachiliwe, lakini akae mbele tumwone. Kopo lizungushiwe gunia lililoloweshwa maji, ili lipoe, na Mama Arbe alikalie mwenyewe.

Tukaona haki imetendeka, tukapanda.

Gotu mpaka Merti

Tulivuka daraja, tukafuata upande wa pili wa mto. Barabara pale haina haraka. Tairi la nyuma lilitoboka mara ya kwanza karibu na kundi la mbuzi, mara ya pili mahali pasipo na kitu chochote, hata mbuzi. Kila tuliposimama Mama Arbe alikataa kushuka, asije mtu akafikia kopo. Wanaume walimsihi apunguze uzito wakiinua gari. Akawaambia uzito wake ni ulinzi.

"Mama, shuka kidogo tu," Boru alisema kutoka chini ya lori, akiwa amelala kifudifudi kwenye mchanga. "Mimi niko hapa chini. Nitaiba aje?"

"Wewe nakujua. Una mikono mirefu."

Tulifika Merti baada ya Alasiri. Mama Arbe akainuka polepole, kama serikali inayokabidhi madaraka, akalifungua gunia, akalifungua kopo mbele ya mashahidi. Simu ilikuwa imekufa. Niliibonyeza, nikaibonyeza tena. Kioo cheusi tu, na uso wangu ndani yake ukiwa na vumbi mpaka kwenye kope.

Boru alicheka mpaka akashika tairi asianguke. "Sasa mshtaki nani? Mshtaki mwenye kuikalia!"

Mimi sikucheka. Ilikuwa Jumatano imekwisha, Guyo sijamwona, na simu ambayo ingembeba mpaka sebuleni kwetu ilikuwa kipande cha kioo.

Merti

Mama Arbe, kwa kuona haya, alinipeleka kwenye hoteli ya jamaa yake, akaagiza wali na nyama ya mbuzi. Meza ya pili alikaa msichana mwenye viatu vizito na kofia ngumu kandoni mwa sahani. Jina lake Kendi, ametoka upande wa Meru, na kazi yake ni kutengeneza minara ya simu. Alikuwa amekuja kuuangalia mnara wa pale. Alikuwa akila huku akitusikiliza tukibishana kuhusu Boru, na tulipofika mahali pa gunia lenye maji akaweka kijiko chini.

"Samahani, mama. Mliweka simu ndani ya kopo ya bati? Ikiwa imewashwa?"

"Ili ilale," Mama Arbe akasema.

"Haikulala hata dakika moja. Ilikuwa inafanya kazi kuliko hiyo lori."

Aliniomba simu, akaichomeka kwenye chaji ya hoteli, akatueleza taratibu, bila kutucheka sana. Simu ikikaa karibu na mnara unaosikika vizuri, alisema, haina kazi. Inalala, inaamka kidogo, inasikiliza kama imeitwa, inalala tena. Hata haijisumbui kuangalia minara mingine. Mnara ukianza kusikika vibaya ndipo inaanza kupima majirani.

"Majirani inawajua aje?" nikauliza.

"Mnara wenyewe unaiambia. Jirani zangu ni huyu na huyu, sikiliza hao kwanza."

Hapo nikaelewa. Ni kama visima. Ukinywesha ngamia kwenye kisima kimoja, watu wa pale wanakuambia kinachofuata kiko wapi. Hutembei nyika nzima ukichungulia kila shimo.

"Eeh, hivyo hivyo," Kendi akasema. "Sasa mkaifungia ndani ya bati. Haijui imefungiwa, inadhani imepotea. Haina wa kuiambia jirani ni nani, kwa hivyo inatafuta kila mahali kuanzia mwanzo. Ikikosa inapumzika, halafu inaanza tena. Ingekosa kabisa ingejifunza kupumzika zaidi. Lakini lori ilikuwa inatembea, na kifuniko ya bati haizibi kila kitu. Inasikia mnara kidogo, inakimbilia, inaupoteza, inaanza upya."

Mama Arbe alikuwa ameacha kutafuna. "Kwa hivyo ni mimi niliipika."

"Wewe na kopo, mama. Na jua."

"Na Boru?"

"Boru hana makosa."

"Hiyo usimwambie," Mama Arbe akasema, akaendelea kula.

Kendi akaniuliza ninakoenda. Nilipomweleza habari ya Guyo na baba mdogo Halakhe, akaacha mzaha. Akanionyesha alama ya ndege kwenye simu. "Kule fora hakuna netiwaki. Usiache simu itafute kitu wewe unajua hakipo. Gusa hii ndege. Hapo imekatazwa kutafuta, italala kweli. Ukifika mahali juu, unaitoa, unapiga, unaongea maneno machache."

Mama Arbe akataka kujua ndege hiyo inaenda wapi. Kendi akamwambia haiendi popote, ndiyo uzuri wake.

Umeme wa hoteli ulikuwa wa sola, na simu za Merti nzima zilikuwa zimejipanga kwenye waya huo kama ng'ombe kwenye birika. Asubuhi nilipata nusu ya chaji. Nikagusa ndege, nikaifunga simu ndani ya leso, mbali na bati la aina yoyote.

Merti mpaka fora

Aliyenibeba ni Molu, mwenye pikipiki, mtu mwembamba anayeendesha akiwa amegeuza kichwa nyuma ili mazungumzo yasikatike. Fora la Guyo, alisema, analijua kama nyumbani kwao. Tulifika, tukakuta majivu baridi na mavi ya ngamia yaliyokauka. Walikuwa wamehama kufuata majani.

Tukaanza kuuliza. Kuuliza kwetu mnakujua. Huwezi kumfikia mchungaji ukamtupia swali. Kwanza nagaa, kisha wewe ni mtoto wa nani, kisha baba yako alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, kisha mvua ya Isiolo, kisha bei ya sukari, kisha maziwa unywe. Kibuyu cha maziwa yaliyotiwa moshi, mazuri, mazito, na huwezi kukataa. Ndipo useme unamtafuta Guyo. Naye mwenyeji aseme hajamwona, lakini kule mbele kuna mtu anayeweza kumjua. Siku ya Alhamisi nilikunywa maziwa mpaka kila pikipiki iliporuka nilijisikia kama mtungi.

Tulilala kwa familia moja, na Ijumaa jua likiwa limepanda tukawaona ngamia wetu. Niliwajua kabla ya kumjua ndugu yangu. Yeye alikuwa ameota nywele kama kichaka, mswaki mdomoni. Aliponiona aliutema.

"Dada! Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Kaltuma anaolewa leo."

"Na nani?"

"Adan wa Garbatulla."

"Yule wa masikio?"

"Huyo huyo."

"Ni kijana mzuri. Sasa mimi mnanitaka kwa nini?"

Nikavuta pumzi. "Ruhusa yako."

Guyo aliwageukia ngamia kama anayewaita mashahidi. "Rudia, dada. Nani anataka ruhusa ya nani?"

"Sirudii. Baba mdogo Halakhe anangoja swala iishe asimame mahali pako, ampe Kaltuma yule mzee wa malori. Simu yako iko wapi? Siku zote hupatikani."

Akaanza kucheka, kicheko kikaisha ghafla. Akaleta simu yake, imekufa. Hakuelewa kwa nini hufa. Yeye huitunza sana, alisema. Huizima. Akipita kwenye kichuguu huiwasha aone kama netiwaki imefika, ikikosa anaizima, kichuguu cha mbele anaiwasha tena. Mimi niliyekuwa nimesomeshwa juzi tu nikamtazama kwa huruma kubwa. Kila akiiwasha, maskini ile simu, ilikuwa inaamka imepotea, inaanza kutafuta nyika nzima kutoka mwanzo.

Nilitaka tupande sote pikipiki turudi Merti. Molu alikuwa amekaa chini akichomoa miiba ya mgunga kwenye tairi. Alionyesha kidole. Kulikuwa na kilima kirefu upande wa mto, na wachungaji husema juu yake mnara wa Merti husikika siku zenye bahati.

"Nendeni huko," akasema. "Mimi nikiziba nitawafuata kwa chini."

Juu ya kilima

Kilima kinaonekana karibu mpaka uanze kukipanda. Nilikuwa na leso, dera refu na tumbo la maziwa. Guyo alikuwa na miguu tu. Akasema nimpe simu atangulie, mimi nitamkuta. Nikampa. Nilisahau kwamba mtu akijifunza kitu huwa amejifunza peke yake, ndugu yake bado hajui.

Nilipofika juu nikihema, alikuwa ananingoja na tabasamu.

"Dada, simu ilikuwa na shida, nimeitengeneza. Ilikuwa na ndege hapa juu, imefunga netiwaki. Nimeitoa. Na kila mahali pa kupumzika nimekuzimia na kukuwashia, kusaidia betri."

Betri ilikuwa nyekundu. Nadhani nami pia. Ugomvi niliuahirisha, maana pale kwenye kona ya kioo kulikuwa na mstari mmoja mdogo wa mtandao, unakuja, unaondoka. Swala ilikuwa imekwisha. Nikapiga, nikaweka sauti ya juu, nikamshikisha simu mdomoni kama mtoto ninayemlisha uji.

"Salaam aleikum," sheikh akasema. Nyuma yake nilisikia sebule yetu, watu wengi, na kikohozi cha mzee wa malori. Alikuwa amekuja kabisa.

"Wa aleikum salaam, sheikh. Ni mimi, Guyo."

"Guyo! Nagaa?"

"Nagaa."

"Ngamia nagaa?"

"Nagaa kabisa."

"Majani iko? Mvua imewafikia?"

Nilimfanyia Guyo ishara ya kukata shingo. Akafanya macho ya mtu aliyelelewa vizuri, na wa kulaumiwa kwa hilo ni mimi. Huwezi kumkata sheikh kwenye nagaa.

"Mvua kidogo, sheikh. Upande wa mto."

"Alhamdulillahi. Wachungaji wenzako?"

"Wazima."

"Mto nao?"

"Sheikh!" nikapiga kelele. "Betri!"

Sheikh akakohoa kidogo. "Sawa. Guyo, sema wazi wasikie mashahidi."

"Mimi Guyo," akasema, na ghafla sauti yake ikawa ya baba yetu, sikuitegemea, ikanipiga kifuani. "Nimekuwakilisha wewe sheikh umwoze dada yangu Kaltuma kwa..."

Kioo kikawa cheusi.

"...Adan," Guyo akawaambia ndege wa angani.

Tukasimama pale. Upepo ulikuwa mzuri sana, kama mnataka kujua. Chini tuliona pikipiki ya Molu ikija kama mdudu.

"Unadhani jina lilifika?" Guyo akauliza.

"Sijui."

"Sasa Kaltuma ameolewa ama hajaolewa?"

"Tembea," nikamwambia.

Kurudi Merti

Pikipiki moja, watu watatu, na kiraka juu ya kiraka. Njia yote nilikuwa nikiiona sebule yetu: baba mdogo Halakhe amesimama na fimbo yake, anawaambia watu kwamba hakuna jina lililosikika, na neno "kwa" linaweza kumaliziwa na mtu yeyote, hata mwenye malori. Guyo nyuma yangu alikuwa ameacha mzaha. Mara mbili alisema, "Dada, samahani ya ndege." Mara zote mbili nilimwambia ashike vizuri.

Tuliingia Merti jua likiwa limelegea. Kibanda cha kwanza chenye chaji nilichokiona nilikiingia bila salamu. Nililelewa vizuri, lakini siku hiyo nilijilea upya. Simu ikanywa chaji kidogo, ikawaka. Mnara ulikuwa umesimama mbele yetu, mrefu, ungeweza kuutupia jiwe, na simu bado ikajifanya haiujui. Ikatafuta. Ikazungusha kiduara chake. Guyo akauonyesha mnara kwa kidole. "Si huu hapa!" akaiambia.

Halafu ikapata mistari yote, na kabla sijapiga ikalia yenyewe. Alikuwa sheikh.

"Darmi, mko salama?"

"Tuko Merti, sheikh. Jina lilifika?"

"Halikufika."

Nikakaa chini, juu ya kreti la soda.

"Lakini kila mtu alimsikia Guyo," sheikh akaendelea. "Nimemwambia baba mdogo wenu: ulisema utasimama kijana asipopatikana. Kijana amepatikana, amekatika tu. Kwa hivyo akae. Wazee wa Garbatulla wamesema hawagusi chakula mpaka asikike tena. Tumekaa hapa tangu mchana tunaitazama simu kama mgonjwa. Mpe huyo ndugu yako."

Nilimpa. Niliweka sauti ya juu. Mwenye kibanda aliacha kuuza, wateja wake wakaacha kununua.

"Mimi Guyo," akaanza, mara hii polepole. Halafu akanyamaza. Nikadhani simu imekatika tena, lakini alikuwa ananitazama mimi. "Sheikh, kabla ya jina. Aliyemlea huyu msichana yuko hapa. Mimi pia amenilea. Naweza kumuuliza kwanza?"

Sheria haikunihitaji, na kila mtu ndani ya ile sebule alilijua hilo.

"Muulize," sheikh akasema. "Hata mimi nataka kusikia."

"Dada Darmi," Guyo akasema, kwa adabu ambayo sijawahi kuiona kwake, "umeridhika?"

Nilikuwa nimeridhika tangu siku Adan alipoingia kwetu na kuinama mlangoni. Lakini siku tatu nilikuwa nimengojea lori, vitunguu, miwani, tairi, majani, nagaa, na kiduara kile cha simu. Nikaona na wao wangoje kidogo. Nikakunja leso yangu. Nikaangalia mnara. Nilisikia fimbo ya baba mdogo Halakhe ikigonga sakafu, mtu akinong'ona, kikohozi, na kutoka chumba cha wanawake sauti moja ambayo ningeijua hata ndani ya bati:

"Dada! Sema, wewe!"

"Nimeridhika," nikasema.

"Kwa Adan!" Guyo akapaza sauti, mpaka sidhani kama simu ilihitajika.

Vigelegele vilivyotoka kwenye ile simu vilikuwa vikubwa hivi kwamba watu walikuja mbio kuuliza ni nani ameolewa kwenye kibanda cha chaji. Mwenye kibanda aliwaambia ni binti yake, akapokea pongezi za watu wote, na Guyo akapokea zilizobaki. Pilau, nimeambiwa, ilikuwa imeshikana chini kwa kungoja. Mzee wa malori aliondoka bila kuaga. Baba mdogo Halakhe alibaki, akala sahani mbili.